Ujazo wa Chungu

Siku ile uani kwa mama mkubwa tulikuwa watu watano. Mimi, binti wa miaka kama kumi na minne. Mdogo wangu wa kiume aliyenifuata. Kitinda mimba wetu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mama mkubwa mwenyewe, dada wa tumbo moja na mama yetu. Na mume wake, mtu wa milimani, ambaye tulimwita baba mkubwa. Zamani uani pale tulikuwa saba. Nikiikumbuka siku ile huwa nahesabu upya, kama vile nimewaruka wawili kwa bahati mbaya.

Kwetu ni ufukweni, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima hushuka mpaka majini na shamba kubwa halina pa kukaa. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga. Shamba la mama mkubwa lilikuwa juu, mwendo wa siku nzima, kwenye ulezi, njegere na baridi. Kila mara mwalimu wa misheni alipofunga shule wakati wa mavuno, tulipanda wote. Mama alibeba vyungu, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba visigongane. Baba alibeba samaki wakavu. Sisi watoto tulibeba chochote tulichopewa na kulalamika njia nzima.

Watoto wa mlimani walitungojea kwenye mwinuko wa mwisho. "Watu wa samaki hao! Zibeni pua!"

"Na nyinyi mlioga lini?" mdogo wangu aliwajibu. "Mwaka juzi?"

Kisha tulikwenda nao kuchuma njegere mbichi, tukazila shambani mpaka matumbo yakauma. Baba alikaa na baba mkubwa wakinywa ulanzi, pombe ya mianzi ambayo kwetu haipatikani. Mama na dada yake walipukuchua maharage wakicheka mambo ya usichana wao. Mimi kitu kimoja tu kilinishinda kule: ziwa lilionekana lote, lakini halikuwa na sauti. Nilizaliwa ndani ya mlio wa mawimbi, na palipokuwa kimya nilihisi kama mtu ameondoka nyumbani bila kuaga. Nilimwambia mama. Akasema, "Njoo ukae karibu yangu."

Baba alikufa kwanza. Alichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi kwenda boma, akarudi na homa. Mama alimfuata baada ya masika mawili. Nilikuwa nimefika kwenye kusoma mstari mrefu bila kuufuata kwa kidole. Nikamrudishia mwalimu kibao cha kuandikia, nikaenda kuchimba udongo.

Ndugu za baba walianza kusema tugawanywe, mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule. Hawakuwa watu wabaya; chakula kilikuwa kidogo. Niliwaomba wasubiri likizo ya mdogo wangu. Nikirudi kutoka mlimani na ulezi wa kutuvusha masika, tutabaki nyumba moja. Nisiporudi nao, wafanye wanavyoona. Wakakubali.

Biashara ya vyungu kwetu haina maneno mengi. Chungu hujazwa nafaka, na nafaka iliyoingia ndiyo bei yake. Mnunuzi huchukua chungu, mfinyanzi huchukua ujazo. Vyungu sita vya mama vilikuwa vinatupa vikapu viwili vilivyojaa. Basi nami nikafinyanga sita. Nilivipima kwa mikono juu ya chungu cha mama kilichobaki, mdomo kwa mdomo, tumbo kwa tumbo. Nikavichoma, nikavipaka nakshi nyeupe kama zake. Tulipanda watatu, na hakikuvunjika hata kimoja. Nilijisifu moyoni njia nzima.

Siku ya kupima baba mkubwa alileta ulezi uani, akaanza kumimina. Chungu cha kwanza kilijaa upesi. Akakitazama, akakitikisa, akamimina tena. Ulezi ukamwagika pembeni.

"Hodi humu ndani!" akasema, ameinamisha mdomo kwenye chungu. "Nani amekaa humo? Chungu kimeshiba kabla sijakilisha!"

Mdogo wangu akaangua kicheko. "Dada amefinyanga jiwe la kusagia!"

Mama mkubwa hakucheka. Aliingiza mkono, akaubana ukuta wa chungu kati ya dole gumba na kidole. Nikaelewa kabla hajafungua kinywa. Kwa nje vilikuwa vyungu vya mama. Kwa ndani sikuwa nimevikwangua kuta zikawa nyembamba.

"Mama yako hakukufundisha kukwangua?"

"Alinifundisha, mama mkubwa."

"Sasa?"

"Niliogopa. Nikikwangua sana vitavunjika njiani."

"Havikuvunjika," akasema polepole. "Vimekula nafasi ya ulezi."

Vyote sita vilitoa kikapu kimoja na kidogo juu yake. Nilikaa chini nikikitazama. Mtu yeyote wa kwetu angejua bila kupima tena: kikapu kile hakifiki katikati ya masika.

Mama mkubwa alikwenda akamfuta kitinda mimba wetu mikono. Alikuwa akila njegere, mdomo wote kijani. "Niachie huyu," akaniambia. "Huku mtoto hafi njaa. Mvulana aende kwa baba yenu mdogo. Wewe ni mkubwa, utapata pa kukaa."

"Hapana, mama mkubwa."

"Nasema kwa huruma, mwanangu."

"Najua. Lakini tukiachana mwaka huu, nani atatukusanya?"

Nikamgeukia kitinda mimba wetu, kwa sababu niliona si haki kumkatalia njegere bila kumwuliza. "Unataka kubaki huku?"

Akafikiri. "Na wewe unabaki?"

"Mimi narudi."

"Basi niwekee nyingine za njiani," akasema, akanyoosha mkono kwa mama mkubwa.

Baba mkubwa aliingia ndani, akatoka na kikapu cha pili, kimejaa. Mkewe akamtazama. "Unamkopesha mtoto?"

"Mtoto gani? Aliyepanda mlima ule na vyungu vizito hivi kichwani?" Akanigeukia. "Vinne. Mavuno yajayo. Vyembamba! Nitavigonga kimoja kimoja kwa kidole, na kisipolia unarudi nacho."

"Ndaga, baba mkubwa," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu, nikakipokea kikapu.

Masika yale tulikula nyumba moja. Nilijifunza kukwangua kwa kipande cha kibuyu, nikivunja vitatu ndipo nipate kimoja. Vile vinne vilipokauka na kuchomwa, ukivigonga vililia kama kengele ya misheni.

Lakini wakati wa mavuno vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa vimetufikia. Shule ilifungwa, na haikuwa likizo. Nilipanda peke yangu, wadogo zangu nikiwaacha kwa jirani. Kwenye mwinuko wa mwisho hapakuwa na mtoto wa kunizibia pua. Mlango wa mama mkubwa ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya mianzi, na ulezi ulikuwa umeanguka shambani bila kuvunwa. Bibi wa nyumba ya pili aliniambia askari walimchukua baba mkubwa kuwa mpagazi, na mkewe amefuata njia ya kuelekea Ubena, labda kumtafuta, labda kwa ndugu wa mume. Hakuacha neno.

Nilikaa uani mpaka jua likakaribia kuzama, vyungu vinne mbele yangu. Ziwa lilikuwa kule chini, lote, bila sauti.

Bibi yule alikuja akavigonga. "Vizuri," akasema. "Nikujazie?"

Nilimwambia si vyangu. Akaniuliza nyumbani nimeacha wangapi. Nikasema wawili. Akasimama akingoja.

Nikamwambia ajaze.

Nilishuka na ulezi, tukaula, na tukabaki pamoja mpaka kila mmoja akapata nyumba yake mwenyewe. Vyungu nimefinyanga visivyo na idadi. Kuhusu mama mkubwa na mumewe nimeuliza wachuuzi, wapagazi waliorudi, watu wa Ubena waliokuja kununua samaki. Hakuna aliyejua. Nadaiwa vinne.