Akiumia Niulizwe Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa hata sijakaa. Ilikuwa Mbeya, mwezi wa Juni, baridi ile inayokufanya ulale na soksi. Nilikuwa binti wa Kinyakyusa niliyetoka kwenye mafunzo ya uuguzi msaidizi, kichwa kimejaa majina ya mifupa. Nikapewa mgonjwa mwenye jeraha kichwani. Nikalisafisha kwa maji ya chumvi, nikaweka chachi, nikaona nimefanya kazi ya kusifiwa. Kisha nikamuuliza, "Amekupiga nani? Na kwa nini?"

"Sekela, njoo hapa," sauti ikaita kutoka mlangoni.

Huyo ndiye Mama Mkuu wa Nyumba. Alikuwa Mbena, mkunga wa zamani, mfupi, na ukali wake ulitosha watu watatu. Akanivuta hadi ukumbini. "'Nani' ni swali la kazi. Tunataka kumjua huyo nani ili tusimrudishe mgonjwa kwake. 'Kwa nini' ni umbea. Ukitaka umbea nenda sokoni, huko watakupa na kigoda."

Basi, nikajifunza.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Ilomba, vyumba vitano na jiko la nje, na watu wa mtaani waliiita Nyumba ya Waliopigwa. Waliotufadhili walikuwa waumini wa mjini na marafiki zao wa mbali. Wengi tuliowapokea walikuwa wanawake waliopigwa na waume zao. Lakini walikuwepo wengine, na niwaambie wazi maana nimezeeka na sina wa kumwogopa: wanaume waliopendana na wanaume wenzao, na wasichana waliopigwa na baba zao kwa sababu walimtaka mwenzao wa kike wakakataa kuolewa. Siku zile hatukuwa na jina la kuwaita. Majina waliyoitwa barabarani siyarudii. Hospitali haikumshika mtu aliyepigwa mpaka alete karatasi ya polisi, ile PF3, na hawa hawakuthubutu kwenda polisi, maana wangeanza kuulizwa wao. Kwa hiyo walikuja kwetu, wengine wamebebwa kwenye baiskeli kama gunia la viazi.

Nyinyi wa siku hizi mna mashine za kupiga picha mfupa. Sisi tulikuwa na vidole. Mkono uliovunjika tuliupapasa mpaka tupate mahali palipoachana, tukaunyoosha mgonjwa akiuma kitambaa, tukaufunga banzi, yaani vipande vya ubao pande mbili, na bendeji juu. Vidonda tulivipaka jivii, dawa ya zambarau ambayo haitoki kwenye shuka hata uisugue kwa mawe. Kazi hiyo yote niliiweza ndani ya mwaka mmoja. Iliyonishinda kwa muda mrefu ni kazi ya mwisho, nayo ni kukabidhi.

Mama Mkuu alikuwa na usemi wake: mgonjwa hakabidhiwi njia, anakabidhiwa mtu. Aliyepona hakufunguliwa mlango tu akaambiwa kwaheri. Ndugu yake aliitwa, na balozi wa nyumba kumi akaja kuwa shahidi. Yule mpokeaji alisimama mbele yetu akamshika mgonjwa mkono, akasema, "Nimempokea. Akiumia niulizwe mimi." Maneno hayo aliyatunga Mama Mkuu mwenyewe. Nimeona waume wenye vifua vipana wakitetemeka kuyasema. Wengine walikataa wakaondoka, na hapo tukajua tulichotaka kujua.

Sasa niwaambie habari za Lusekelo.

Aliletwa na dereva wa lori asubuhi moja, mkono wa kushoto umevunjika juu ya kifundo na jicho limefumba. Alikuwa fundi baiskeli, anaishi Iringa, kwao ni huko chini ya Tukuyu. Nikamuuliza swali la kazi: nani? Akasema ameanguka kwenye lori. Weee, lori gani linaloacha alama za fimbo mgongoni? Lakini nikaendelea kumfunga banzi.

Ilichukua wiki mbili ndipo akaniambia, kwa Kinyakyusa, sauti ya chini. Kaka yake alimwita nyumbani. Kufika, akakuta ng'ombe wa mahari wameshapelekwa kwa watu na mke amechaguliwa. Akakataa. Wakamuuliza ana mke Iringa? Akasema hana mke, ana Zakayo. Zakayo alikuwa mwoka mikate wa Mlandege, huko huko Iringa, walipanga chumba kimoja kwa miaka mingi.

"Ulisema hivyo mbele ya watu?" nikamuuliza.

"Nilichoka, dada," akasema. "Uongo nao una uzito wake."

Kaka mtu akaja siku ya Jumamosi. Nilimchukia kwa adabu yake. Kofia mkononi, jogoo kwapani, shikamoo kwa kila mtu mpaka kwa mpishi. "Mama," akamwambia Mama Mkuu, "tumekosana kama ndugu, yamekwisha. Nimekuja kumchukua mdogo wangu." Nikamtazama Lusekelo. Aliposikia sauti ile alivuta miguu yake chini ya blanketi, akajikunja.

Nikamwambia Mama Mkuu jikoni, "Ni huyu. Huyu ndiye 'nani' wetu."

"Najua," akasema. "Sina macho?"

Akakataa kumtoa. Jumatatu yake akaja Katibu wa Kamati, mzee wa tai na viatu vilivyong'aa, ambaye ndiye aliyeshika mfuko wa wafadhili. Hakutaka hata kukaa. "Nyumba hii ni ya msaada, si ya kuwaficha watu na ndugu zao. Mtaani wanasema tunafuga uchafu. Mkabidhini kwa kaka yake, ama tufunge, na hao wanawake wenu mkawalaze barabarani." Wakati ule tulikuwa na wanawake tisa ndani, na watoto wao.

Mama Mkuu aliniomba nimtumie Zakayo habari, aje upesi. Nikampa ujumbe kondakta wa basi la Iringa. Halafu akaingia kwa Lusekelo, akakaa kitandani, akamweleza yote bila kuficha. Akamwambia, "Ukisema hapana, nitasema hapana, na litakalotupata litupate."

Lusekelo akautazama mkono wake uliofungwa. Kisha akasema, "Nitakwenda, Mama. Nisipokwenda watamfuata Zakayo. Kaka anajua anakooka mikate."

Jumatano wakakusanyika ukumbini. Kaka akamshika mkono, ule mzima, akasema, "Nimempokea. Akiumia niulizwe mimi." Hakutetemeka hata kidogo. Alisema kama mtu anayeagiza chai. Balozi akasema vyema, na jogoo akabaki kwetu. Mama Mkuu alikataza asichinjwe, akazeeka uani pale pale.

Zakayo akafika Ijumaa, unga bado kwenye nyusi, amebeba mkate uliofungwa kwa kitambaa. Nilimwambia mlangoni. Akaketi ngazini. Mkate aliuacha, nami nikawagawia watoto, kwani ningefanya nini.

Kahawa haijaanza kuchumwa tukasikia Lusekelo amefariki. Homa, walisema. Mama Mkuu akavaa kitenge cheusi, tukapanda gari kwenda msibani. Jeneza lilikuwa wazi, watu wanapita kuaga. Nilipofika nilimshika mkono wa kushoto kama anayeaga tu. Vidole vyangu vikapanda juu ya kifundo, mahali nilipopafunga mimi mwenyewe, mahali nilipopajua kama jino langu. Palikuwa pameachana tena. Jamani, homa gani inavunja mkono?

Nikamtazama Mama Mkuu, nikatikisa kichwa. Akanielewa. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka alipokaa kaka mtu na wazee.

"Kamwene," akawasalimu kwa Kibena chake. "Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini, Mama? Huu ni msiba."

"Ulisema akiumia uulizwe wewe. Ameumia. Nakuuliza."

Vilio vikakatika. Kaka mtu akatazama kofia yake. Mama Mkuu akasimama pale, mfupi, mikono imefumbatwa, anangoja jibu kama mtu aliyetumwa. Mwishowe wazee wawili wakaja wakamshika Mama Mkuu bega, wakamtoa taratibu, na wanawake wakaanza tena kulia. Hakuna aliyeshtakiwa. Tulikwenda kusema panapohusika, tukaambiwa mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo.

Zakayo hakuwepo. Hakuna aliyempelekea taarifa ya msiba, maana alikuwa nani? Sisi ndio tuliomfuata Mlandege baada ya mazishi. Nilimpa pole pale mbele ya tanuri. Nadhani ndiyo pole pekee aliyopewa. Akaendelea kutoa mikate, machozi yanadondoka kwenye sinia.

Katibu alisema Mama Mkuu ameitia Kamati aibu, akamwondoa Mbeya. Akapelekwa Iringa kuanzisha nyumba ndogo ya vyumba viwili, ni karibu sawa na kumtupa. Niliomba nimfuate. Huko akabadilisha taratibu. "Undugu wa damu nimeuona mwisho wake," akaniambia. "Kuanzia leo tunamkabidhi mgonjwa kwa yule ambaye akiingia, mgonjwa anashusha mabega." Nilifanya kazi kwa kipimo hicho mpaka nastaafu, na hakijanidanganya. Vijana mnaofanya kazi hii leo, tazameni mabega. Mdomo utawaambia ameanguka kwenye lori.

Haikupita muda, Zakayo naye akaletwa. Habari zake na Lusekelo zilikuwa zimewafikia watu wabaya kule mtaani, wakamngoja nyuma ya tanuri. Mbavu na taya. Tulimuuguza mpaka akapona, ikafika siku ya kukabidhi. Mama Mkuu akauliza, tumwite nani? Zakayo akasema hana mtu. Akasema tumwachie njia tu, anaijua.

"Mgonjwa hakabidhiwi njia," akasema Mama Mkuu, lakini safari hii sauti yake ilikuwa imechoka.

Nikasimama. Sikufikiri. Nikamshika mkono, nikasema, "Nimempokea. Akiumia niulizwe mimi." Balozi wa mtaa ule alinitazama kama nimerukwa na akili, mwanamke asiyeolewa anapokea mwanaume mzima. Mwache atazame.

Mama Mkuu alishafariki, na wafadhili walipochoka nyumba ikafungwa. Mimi nikastaafu, nikabaki Iringa. Zakayo alipanga chumba cha uani kwangu, akaoka mikate mpaka mikono ikakataa. Jumamosi alikuwa anaweka mkate wa pili mezani, haugusi, na mimi sikuuliza kwa nini. Ndiyo umbea ule niliokatazwa.

Amefariki mwaka jana, usingizini. Nilimwosha mwenyewe, nikampapasa mifupa yote kwa vidole hivi vizee. Mbavu zilizovunjika zamani zimeunga. Taya limeunga. Hakuna penye jeraha jipya, hata moja, tangu siku ile nilipomshika mkono.

Nikavaa nguo safi, nikatoa kiti nje, nikakaa mlangoni siku tatu. Jibu nilikuwa nalo. Hakuja mtu kuniuliza.