Hikmat na Laptopu ya Kwenye Bango

Mmenishika tena nisimulie ya Hikmat, kana kwamba mji mzima wa Irbid umekatwa ndimi nimebaki mimi peke yangu. Nilisema sitaki. Basi sikilizeni, na atakayenikatiza aendelee mwenyewe.

Hikmat, ndugu yangu mdogo, aliuza laptopu Mtaa wa Chuo Kikuu mpaka miguu ikamvimba, akafunga duka. Wanaume wengine wakistaafu huhudumia mizeituni yao au hucheza karata. Yeye alijitwika kazi tukufu zaidi: kukagua mabango. Liwe tangazo la benki, la bima, la dawa ya meno, yeye haangalii benki wala meno. Anaangalia laptopu iliyomo pichani. Akiiona ni ya zamani, anapiga picha, anaizungushia duara jekundu, anaitia Fesibuku ili ulimwengu uokoke.

Lililomnogea kuliko yote lilikuwa bango la kituo kimoja cha mafunzo. Msichana kaketi mbele ya laptopu, juu pameandikwa "Kesho Yako Imefika".

"Tazama hiyo kesho!" alimwambia muuza falafeli, mdomo umejaa. "Nene kama tofali, na ubavuni ina mlango wa CD! Kesho gani hiyo? Hiyo ilishazikwa na matanga yakaisha."

Watu wakacheka, na Hikmat akanawiri kwa vicheko vyao. Mutaz, mtoto wa marehemu kaka yetu, ambaye Hikmat alimlea tangu ana meno ya maziwa, alimsihi: "Baba mdogo, bango lile liache."

"Unanionea wivu kwa kuwa nina wafuasi," akamjibu.

Kijana akaenda zake. Moyoni alikuwa na msichana ambaye bado hajamposa, atamtajaje mbele ya mlezi wake? Hikmat akaendelea kupiga maduara mpaka bango likateremshwa, naye akajinunulia sinia la kunafa, kile kitamutamu cha jibini, kusherehekea ushindi wa taifa.

Haukupita muda tukaenda kumposea Mutaz. Kijana alikuwa halali wala hali kwa ajili ya Rawand, binti wa Abu Yazan. Wazee wakajazana sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, masikio mlangoni. Haji Dhaifallah, msemaji wetu, akapewa kikombe cha kahawa, akakiweka chini bila kukigusa, kama ipasavyo: hainywewi mpaka tupewe tulichojia. Akahutubia mno, akamaliza. Ikabaki Abu Yazan aseme tu, "Kunyweni kahawa yenu."

Hakusema. Alimgeukia Hikmat.

"Wewe si ndiye yule wa maduara mekundu?"

Hikmat akanyoosha koti. Alidhani amepata shabiki. "Ndiye mimi, bwana. Kumbe nawe unanifuata!"

"Nakufuata sana. Laptopu ile ya kwenye bango ilikuwa yangu."

"Pole," akasema Hikmat. Aliimaanisha, masikini.

Tukasikia Rawand akiita kutoka nyuma ya mlango: "Baba, muulize msichana wa pichani alivaa nini."

Hikmat akafungua mdomo. Angeweza kukutajia betri ya mashine ile na mahali skurubu zake zilipo. Msichana? Akakuna sikio. "Alivaa... si alikuwa na shati?"

"Alikuwa na uso," akasema Abu Yazan. "Ni binti yangu. Alikuwa mpokea wageni pale. Kituo kikampiga picha, na kwa kuwa hakikuwa na laptopu ya maana, akaazima yangu. Ukamfanya kichekesho cha mji. Wanafunzi wakiingia wanamwuliza kesho imefika saa ngapi. Ameacha kazi."

Mutaz alikuwa amekikazia macho kikombe cha kahawa.

"Mwombe radhi, Hikmat," akasema Haji Dhaifallah. "Kahawa inapoa."

"Radhi ya nini? Laptopu ni kuukuu au si kuukuu?"

"Ni kuukuu," akasema Abu Yazan. "Nawe pia. Kuna aliyekuzungushia duara?"

Wazee wakapatwa na kikohozi cha ghafla. Hikmat akaona haya, akamtazama Mutaz, na kijana hakuinua macho. Hapo ndipo kiburi, ambacho babangu alishindwa kukitoa kwa fimbo, kilipomtoka.

"Nisamehe, binti yangu," akauambia mlango. "Nilikutazama miezi, sikukuona. Ila ile betri..."

Haji Dhaifallah akamkanyaga mguu.

"Uyafute yote," ikasema sauti. "Na usiweke jingine."

"Nitayafuta. Wallahi, sitaweka tena."

Abu Yazan akangoja mpaka Rawand aliposema, "Yatosha, Baba." Ndipo akasema, "Kunyweni." Wakainywa imepoa, chungu kama shubiri, huku wakiisifu.

Hikmat ametimiza kiapo chake, Fesibuku haweki kitu. Maduara ananitumia mimi. Asubuhi matatu, jioni manne, mpaka picha za arusi ya Mutaz hazina pa kukaa kwenye simu yangu. Nanyi mliotaka kusimuliwa mmesimuliwa. Sasa mmoja wenu ainuke, aje hapa anifutie maduara haya, na mikono anawe kwanza.