Mahari ya Mama Sethunya

Kebonang alizaliwa mtu wa kumilikiwa, na sisemi hivyo kwa kumdharau. Babu yake alikuwa wa babu yake Mothibedi, baba yake akawa wa baba yake Mothibedi, na yeye akarithiwa na Mothibedi mwenyewe pamoja na ng'ombe, mbwa na kisima. Alichunga ng'ombe wasio wake, akanywa maziwa yao, na walipokufa akavaa ngozi zao. Hakuna aliyemfunga kamba. Lakini angekwenda wapi? Nyika yote ile kisima ni kimoja, na kisima kina mwenyewe.

Oteng, mtoto wa kaka yangu, alikwenda kuchimba dhahabu Johannesburg akarudi na hadithi tele. Alilala chumba kimoja na Msotho, ambaye kwao watu hulima shamba la chifu, naye chifu huwapikia pombe siku hiyo, na akizidi ubaya humhama wakaenda kwa mwingine. Kulikuwa na Mlozi aliyesema kwao mtoto wa mtu wa chini hupelekwa kutumika kwa wakubwa, na wapo waliokua wakawa wakubwa wenyewe. Hata mzungu mmoja msimamizi, aliyetoka mbali kwenye theluji, alisema babu yake aliwahi kuuzwa pamoja na shamba.

"Mzungu auzwe?" nikamwambia. "Usinifanye mtoto."

"Shangazi, naapa! Na machozi yalimlengalenga."

Basi kila nchi ina namna yake ya kumshika mtu. Wenzetu waliwashika watu kwa shamba, sisi tuliwashika kwa maziwa.

Mshahara wa Johannesburg ulimpatia Oteng ng'ombe wanne, naye akatuambia anamtaka Sethunya, binti wa Kebonang. Kaka yangu Modise akashika kichwa. Msichana hakuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa mahari yake, maana mahari ya binti wa mtu kama Kebonang huliwa na bwana wake.

Nikatangulia mimi kupeleka habari. Nilimkuta Mama Sethunya ameketi juani, anakohoa, na mumewe anakata matawi ya miiba na kuyapanga duara kando ya kibanda.

"Hilo nini?" nikauliza.

"Zizi," akajibu Kebonang bila kugeuka.

"La ng'ombe gani?"

"Wachungaji wenzake wanasema la nzi," akadakia mkewe. "Nimemwambia jua limempanda kichwani, hasikii."

Kebonang akaweka shoka chini. "Ng'ombe wa Sethunya watalala humu usiku mmoja tu. Kesho yake nawapeleka kwa kaka zake huyu."

Hapo nikaelewa, na moyo ukaniuma. Alikuwa hajamlipia mkewe hata mbuzi. Angelipa nini, na ng'ombe wote aliowakuza ni wa Mothibedi? Mama Sethunya alicheka akajifunika mdomo kwa shuka.

"Unaona mambo yake? Uzee huu ndio nakuwa bibi harusi! Nikifa kaka zangu watakuja wanichukue wakanizike kwetu, na huyu atasimama kando kama mpita njia. Si ndiyo mila?"

Alisema kwa mzaha. Mumewe hakucheka. Aliokota shoka lake akarudi kwenye miiba, na mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyowahi kuuona.

Siku ya kupeleka mahari ilipofika, Modise aliongoza na sisi tukafuata tukiimba. Mothibedi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi lake kubwa, miti ya kufungia imeshaondolewa. Ng'ambo kidogo lilikuwa lile duara la miiba, na Kebonang kasimama hapo na kofia mkononi. Modise akaanza kuwageuza ng'ombe kuelekea zizi kubwa. Nikamkamata koti.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Dada, niache. Ng'ombe wetu wanakunywa kisima cha nani?"

Nikaliachia koti.

Kebonang akaja polepole, akachuchumaa mbele ya bwana wake, akapiga makofi ya heshima.

"Bwana wangu, wachukue. Nina swali moja tu."

"Sema, Kebonang."

"Anayekula mahari ya binti, si ndiye mume wa mama yake?"

"Ndiyo mila."

"Ahsante. Basi Mama Sethunya ni mkeo. Mashemeji zako wako ng'ambo ya bonde la chumvi, utakwenda kuwalipa, nami nitakuonyesha njia. Jioni hii namleta kwako. Ila anakohoa sana, bwana, na hulivuta blanketi lote upande wake."

Kisha Mama Tumo, mke wa Mothibedi, akaweka chini chungu cha pombe.

"Eti nini? Mothibedi! Nina mke mwenzangu miaka yote hii na sijaambiwa?"

"Dada mkubwa," Mama Sethunya akaita kutoka mlangoni pake, "niachie basi upande wa ukutani, penye joto!"

Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Wachungaji walicheka, na Modise, mwoga wa watu, naye akacheka. Mothibedi alivimba, akamtazama mkewe aliyeshika kiuno, akawatazama ng'ombe, halafu pembe za mdomo wake zikamsaliti.

"Mwanamke mmoja ananitosha," akasema. "Wapelekeni kwa mwenye binti. Baba Sethunya, pokea ng'ombe wako."

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Siku zote alimwita jina tupu, kama anayeita mtoto. Ng'ombe walipoingia, mzee alisahau kuvuta mwiba wa mlangoni kwa kuwatazama, ikabidi Modise amfungie.

Alfajiri Kebonang akawaswaga kwa mashemeji, mkewe juu ya punda. Nasikia huko walichinja mbuzi, wakamfunika Mama Sethunya blanketi la bibi harusi, na vibibi visivyo na meno vikampigia vigelegele. Kisha wakarudi mikono mitupu. Sikudanganyi kwamba Kebonang alikuwa huru. Alirudi kwenye ng'ombe wa Mothibedi na maziwa ya Mothibedi.

Kifua kilimuua Mama Sethunya kipupwe cha pili baadaye. Kaka zake walikuja, na sote tuliwatazama watafanya nini. Walikwenda wakaketi upande wa wageni, wakavua kofia, wakamngoja Kebonang aseme kaburi lichimbwe wapi. Maisha yote ya mzee hakuna mtu aliyewahi kukaa akamngoja aamue.

"Hapa, mbele ya mlango," akasema mwishowe. "Jua la asubuhi linapafikia. Mke wangu hapendi baridi."