Kemia Njiani Kwenda Kanisani

Nakumbuka Ijumaa moja kwetu Ekerenyo, jua likizama, babu amenyoosha mkono nimpe simu. Sabato ilikuwa inaingia, na nyumbani kwetu simu zote zililala kabatini hadi Jumamosi jioni. Mwanangu, nilitaka kulia. Jumatatu nilikuwa narudia mtihani wa kemia, na chuo kilishasema nikianguka tena nifungashe virago. Masomo yote yalikuwa mle simuni: video za bure za mhadhiri wa ng'ambo, nilizozipakua Keumbu, dukani kwa shangazi penye mtandao. Nilikuwa nimezitazama zote, nyingine mara mbili, huku nikichuma chai.

Kesho yake tukashika njia ya kanisani, mimi nimenuna. Babu hakunibembeleza.

"Nyaboke, huyo mwalimu wa simu anakufundisha nini?"

"Moli, babu. Hata nikikwambia hutaelewa."

"Basi wewe uliyeelewa niambie. Kuzungumzia vitu alivyoumba Mungu si kuvunja Sabato."

Nikafungua kinywa. Wee! Maneno yaliyotiririka vizuri kwenye video hayakutoka, si kwa Kiingereza, si kwa Ekegusii, lugha yetu. Niliona aibu, kisha nikaogopa kwelikweli: Jumatatu ningeandika nini? Tulitembea mpaka tukafika kituo tunakouzia majani mabichi ya chai, kimefungwa, mizani inaning'inia. Hapo nikapata pa kuanzia.

"Babu, karani hahesabu majani yako, huyapima. Chembe za vitu nazo ni ndogo mno, hazihesabiki moja moja. Tunazipima, na uzito unatuambia ziko ngapi. Moli ni jina la idadi maalumu ya chembe, kama dazeni ilivyo kumi na mbili."

"Enhe. Na chembe za chumvi na za sukari, uzito ni mmoja?"

Sikujua. Jumapili nilirudi kwenye video nikilitafuta jibu hilo, kalamu mkononi, nikisimamisha na kuandika, hadi nikalipata: chembe ya sukari ni nzito zaidi. Jumatatu nikaufanya mtihani, na matokeo yalipotoka nilikuwa nimepita. Babu sasa ameshatuacha, na kila nikipita kituo kile naisikia "enhe" yake, na moyo unaniuma.

Nyinyi leo mnajaza simu video, mwanangu, na siwalaumu, hata mimi zilinisomesha. Lakini ukimaliza moja, izime. Mtafute mtu wa nyumbani umweleze kwa lugha ya nyumbani, na pale utakapokwama ndipo pa kurudia. Tena usimwambie mzee hataelewa. Mungu akupe kichwa chepesi, na akuwekee karibu mtu mwenye subira ya kukuuliza.