Kengele ya Mashine ya Mama

Elfu sitini na tano. Nimehesabu mara mbili, na mkungu wa ndizi niliomwongezea fundi sijauweka. Hiyo ndiyo gharama ya kuifufua mashine ya kupiga chapa ya mama, ambayo kijana wa stesheneri hapa Tukuyu aliitazama akaniuliza inachajiwa wapi.

Wewe uliyekulia kwenye mvua zetu utanielewa. Mchana mama alikuwa karani, jioni anachapa kazi za watu chumbani. Sisi tuko jikoni na bibi, ndizi na maharage vinatokota, moshi unatutoa machozi. Macho ya bibi yalishachoka, akabaki na masikio. Kila mstari ukifika mwisho, kikengele kinalia, na sauti yake ilipenya hata mvua ya kwenye bati. "Ikilia, yupo," bibi alikuwa akisema. "Ikinyamaza, kamchungulieni." Tukimkuta kaisinzilia mashine, tunampelekea chai ya maziwa.

Sasa mama ni mzee, anakaa kwangu Ibighi, chumba cha nyuma. Juzijuzi alianguka humo, mimi niko dukani mbele nabishania bei ya mchele, nisisikie kitu. Ndiyo maana alipoiulizia mashine yake sikukataa.

Fundi wa kutengeneza vyerehani akaisafisha, akaipaka mafuta, utepe akaulowesha wino wa mhuri. Mama akachapa mstari wa kwanza, akafika mwisho, akangoja. Kimya.

"Fundi umemlipa?"

"Nimemlipa, mama."

"Yote?"

Nikarudi kwa fundi. "Kile kikengele? Bosi, kilikuwa kinapiga kelele tu, nikakitoa. Kimeshaenda na vyuma chakavu. Na kukitoa sikukuchaji."

Bibi hayupo, na lile jiko limeshakuwa fremu za maduka. Mama anachapa kila jioni, lakini vishindo vya herufi havivuki mvua. Basi namwacha mteja katikati ya bei, naenda kuchungulia. "Nipo," mama anasema bila kugeuka. Nikirudi, mteja ananishusha bei, maana nimesahau tulipofikia.

Nimejaribu kengele ya baiskeli. Mama kasema anajiona kama anaombwa njia na muuza maziwa.

Kama unajua inakopatikana kengele ya mashine hizo, nishauri. Ila usianze na bei. Anza kuniambia inaliaje.