Wembe wa Baba Uliopigwa Tupa

Baba mdogo aliupiga tupa wembe wa baba. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo nikilikumbuka, meno yanakufa ganzi.

Tupa ni ya panga na jembe. Kila nyumba huku Kabungu inayo, imechomekwa kwenye miti ya ukuta wa jikoni. Wembe wa baba ulikuwa wa kukunja, wenye mpini mweusi, na alikuja nao wazazi wangu walipohama na ng'ombe kutoka kaskazini. Kila siku ya mnada alinyoa ndevu kabla ya kuondoka. Alikaa kwenye kigoda, mama akamletea maji ya moto, mimi nikamshikia kioo. Hakuna aliyeruhusiwa kukata hata uzi kwa wembe ule. Mwaka jana, alipokuwa anaumwa, aliniambia, "Wembe wangu utaanza nao wewe. Ndevu zikija usikimbilie mashine za mjini."

Alikufa ndevu hazijaja.

Siku ya kugawa vitu vyake, wazee waliuliza wembe unakwenda kwa nani. Baba mdogo alinishika kidevu mbele ya watu wote, akanigeuza uso huku na huku kama anakagua mbuzi.

"Huyu anyoe nini? Anyoe upepo?"

Watu wakacheka. Wembe ukaingia mfukoni mwake. Maneno ya baba nilikuwa nayo mdomoni, sikuyasema. Tangu shule ya msingi, mwalimu akiniambia nisimame, nilikuwa nasahau hata nilichokuwa nakijua. Siku ile nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka vitu vyote vikaisha kugawiwa.

Ndevu zilianza kuota kabla ya mahindi kukomaa. Chache, kwenye kidevu na chini ya masikio. Wakati huo baba mdogo alikuwa ameshaupatia wembe kazi. Ndama wetu wanawekwa alama, mikato miwili kwenye sikio la kushoto, ili wakichanganyika na wa watu wajulikane. Alikuwa anawakata kwa wembe wa baba. Damu ilikauka kwenye kiungo cha mpini, hakuifuta. Ulipokuwa butu akachomoa tupa ukutani, akaubana wembe kati ya goti na jiwe, akaukwaruza mara kumi hivi. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kamba ya ndama. Nilisikia ule mlio kwenye fizi.

"Sasa umepata meno," alisema, anafurahi.

Kweli ulikuwa na meno. Kama msumeno.

Jumatano moja alinitupia wembe huo miguuni. "Kaunoe. Jumamosi tuna ndama wanne. Na unoe kweli, siyo kuubembeleza."

Niliuokota. Hakujua amempa nani nini. Kesho yake alfajiri nilipanda baiskeli hadi mjini, Majengo, kwa mzee mmoja aliyekuwa kinyozi zamani. Siku hizi wanawe wananyoa kwa mashine ndani, yeye anakaa nje kwenye benchi. Baba alikuwa akimtaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nywele ni ndani."

Nilimpa wembe. Aliukunjua, akapitisha ukucha kwenye makali.

"Nani kafanya hivi?"

"Baba mdogo."

"Ana ugomvi na wewe?"

"Sijui."

"Basi ana ugomvi na wembe."

Aliingia ndani akarudi na jiwe laini la kunolea. Alinionyesha. Panga unaliinua pembeni ukilinoa, wembe hauinuliwi. Unaulaza, mgongo na makali vyote viguse jiwe, halafu unausukuma makali yakitangulia. Baada ya hapo unaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na huko mgongo ndio unatangulia, la sivyo unaukata mkanda. Akaniambia nipime kwa vinyweleo vya mkono. Vikidondoka bila kuvutwa, nipake sabuni. Visipodondoka, nirudi kwenye jiwe, akaniazima lile lake.

"Na ukiwa na hasira, ufunge," alisema. "Wembe huu hauchezi na mkono wa hasira."

Sikumwambia kwamba hasira ndiyo iliyonileta.

Alhamisi jioni nilinoa. Ijumaa nilinoa kutwa nzima, nyuma ya jikoni, na jiwe la mzee likawa jeusi kwa chuma. Kila nilipoona jino moja limeondoka nilimkumbuka baba mdogo na kicheko chake, nikakandamiza zaidi, halafu nikakumbuka mzee alisema nisikandamize. Nilianza upya mara nyingi. Jua lilipokuwa linashuka, vinyweleo vya mkono wangu vilianza kudondoka. Nilikisafisha kiungo cha mpini kwa kijiti mpaka damu ya ndama ikatoka yote.

Jumamosi asubuhi mama aliona mkanda wa baba umetundikwa kwenye nguzo. Alibandika maji. Nilifunga kioo cha pikipiki, kile kilichovunjika pembeni, kwenye mti wa uzio. Nilikanda uso kwa kitambaa cha maji ya moto, nikapaka povu. Nikaufungua wembe.

"Wewe!" Baba mdogo aliita kutoka zizini. "Lete hicho kisu, ndama wameshafungwa!"

Akaja mwenyewe. Aliponiona na povu alipiga makofi.

"Jamani, njooni muone bwana harusi! Lete hapa."

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Wembe hauji zizini. Baba alisema nitaanza nao mimi."

"Alisema lini? Mbona hukusema siku ile?"

Hapo alinipata. Ndilo swali nililokuwa najiuliza mwenyewe mwaka mzima. Akanyoosha mkono kuchukua wembe, akasita, kwa sababu ulikuwa wazi.

"Nilinyamaza," nilisema. "Sasa nasema."

Mama alisimama mlangoni na sufuria. "Shemeji," alisema, "visu viko jikoni. Chukua kimoja."

Akaingia, akachukua. Mimi niliufunga wembe kama mzee alivyosema, nikautia mfukoni, nikaenda zizini na povu linakauka usoni nikamshikia ndama wote wanne. Kisu cha jikoni kilikuwa butu, ndama walilia sana, na hilo nalo niliona ni kosa lake.

Mama alibandika maji mara ya pili. Hasira ilikuwa bado haijaisha. Nilingoja, nikapaka povu jipya, nikangoja tena. Haikuisha, nikanyoa hivyo hivyo. Shavu la kulia lilikwenda vizuri. Chini ya sikio la kushoto nilijikata.

Wakati wa chakula baba mdogo aliitazama ile karatasi ya daftari niliyobandika kwenye kidonda. "Na huyu tumeshamwekea alama," aliwaambia wengine, wakacheka.

"Nimejikata mwenyewe," nilisema.

Nikaendelea kula. Wembe ulikuwa mfukoni, na hakuuomba tena.