Santuri Iliyopakwa Samli

Sisi tuliokulia Endamarariek miaka ya sabini tulijua adabu ya gramafoni. Ya kwetu ilikuwa ya betri, baba aliinunua baada ya mavuno mazuri ya ngano. Jumapili tukitoka kanisani watoto wote tulinawa mikono kama tunakwenda kula, ingawa wa kuishika santuri alikuwa baba peke yake. Aliibeba kwa viganja, pembeni pembeni, akailaza kwenye sahani ya kuzunguka, akashusha sindano huku amebana pumzi. Nasi tulibana. Nadhani hata mbwa alibana.

Ndiyo maana mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wangu hapo Karatu mjini, nilikaribia kuzimia. Kijana wa muziki, yule wanayemwita DJ, alikuwa na sahani mbili mezani. Santuri inaimba vizuri, mara akaikandamiza kwa vidole, akairudisha nyuma, akaisukuma mbele, ikalia krwii krwii. Makusudi kabisa! Vijana wakapiga miluzi ya furaha. Nilijikuta nimesimama, soda imemwagika kwenye kitenge kipya. Mjukuu mmoja akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nilimwambia, nimeshtuka tu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimerudi jikoni kwetu, nina miaka kumi.

Katika santuri zetu chache, moja ilikuwa ya kwaya ya kanisa letu. Baba mdogo Tluway aliimba humo. Katika wimbo wa pili sauti yake nzito ilianza peke yake kabla wengine hawajaitikia. Miezi michache baada ya kurekodi alipata homa, na wiki haikuisha tukamzika. Hakuacha mtoto, hakuacha hata picha. Aliacha pale tu anapoanza peke yake. Bibi, mama yake, alikuwa akikivuta kigoda mpaka karibu na gramafoni, na sauti ile ikitoka alijibu kwa upole, "Nimekusikia, mwanangu." Jumapili zote.

Vumbi la kwetu mnalijua. Santuri ikaanza kukwaruza. Sisi tuliona ni vumbi, lakini Bibi aliona sauti ya mwanawe imekauka. Na Bibi hakuweza kuona kitu kikavu akakiacha. Vibuyu vya maziwa alivipaka samli, mikanda ya ngozi aliipaka samli, magoti yetu kabla ya shule aliyapaka samli. Jumamosi moja baba amekwenda mnadani, nilirudi na ndoo ya maji nikamkuta ameketi jikoni, santuri ipo mapajani. Alikuwa anaipaka samli pole pole, duara kwa duara, kama anampaka mtoto mchanga.

Samli ilikuwa imejaa kwenye mistari yote, na masizi ya jikoni yameshaganda juu yake. Niliwaza jambo moja tu, baba asimkute Bibi na aibu hii. Bibi alipotoka kuwafungia ndama, nilifanya nilichofundishwa kuhusu chombo chenye mafuta. Nilimimina maji ya moto kwenye karai, nikatia majivu, nikaizamisha.

Ilijikunja mbele ya macho yangu. Iliinuka kingo kama chapati iliyozidi moto, na nilipojaribu kuinyoosha ikazidi kupinda. Sikulia. Nilikuwa nimeduwaa hata kilio kiligoma. Bibi aliingia, akaitazama, akanitazama. Akaitoa majini, akaifuta kwa shuka lake, akaniambia niende nikachume mboga.

Baba aliporudi Bibi alimwambia ameipaka samli, nayo ikaharibika. Hakuongeza neno. Baba, mtu wa kufoka kwa kijiko kilichopotea, aliketi chini sakafuni.

"Ayo," alimwita mama yake kwa lugha ya kwetu, "tulikuwa na hiyo moja tu."

Kesho yake tulinawa mikono kwa mazoea. Bibi akavuta kigoda chake. Baba hakujua la kufanya, akaiwasha gramafoni bila santuri, sahani ikazunguka tupu. Bibi aliinama akasikiliza ule mvumo wa mashine, kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu."

Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka Bibi akafa, na baba naye akafa akiamini ni samli. Leo wajukuu wana nyimbo zote za dunia mfukoni, wanaruka wimbo kabla haujafika katikati, na hakuna anayenawa mikono. Siwasemi vibaya. Nawaonea wivu tu, kwa kuwa kwao hakuna kitu kilicho kimoja tu.

Watu walipokwenda kuchukua chakula, DJ aliniuliza kwa heshima, "Bibi, nikupigie wimbo gani?"

Nilimwomba aondoe santuri, aiache sahani izunguke tupu. Sasa akashtuka yeye, lakini alitii. Niliinama karibu, kama bibi yangu alivyoinama Jumapili ile, nikasema nisichowahi kumtamkia akiwa hai, "Bibi, ni mimi niliyetia maji ya moto."